Mlaji hufunga pochi kabla Serikali haijafunga mlango

KILA linapotangazwa gonjwa la kuambukiza katika ukanda wetu huu, swali la kwanza linalosikika Kariakoo na katika ofisi za madalali wa hisa ni moja tu: "Watafunga?" Liliulizwa Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa Corona alipotangazwa Arusha. Liliulizwa tena Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipothibitishwa mkoani Kagera, likarudiwa Januari 2025 Marburg ilipozuka Biharamulo, na halikuchelewa kusikika miezi miwili baadaye wakati wagonjwa wa homa ya nyani walipothibitishwa nchini. Wafanyabiashara wanataka kujua kama Serikali itafunga masoko, mipaka, baa na shule, ili waamue waagize mzigo au wangoje, wauze hisa au wazishike.

Swali lenyewe ni la haki. Hata hivyo, maoni ya safu hii ni kwamba halistahili kuwa la kwanza, na anayelitanguliza yuko hatarini kupata hasara ya aina mbili. Amri ikitoka, atakuta mlaji alikwisha kufunga pochi siku nyingi kabla yake. Isipotoka, atajipa moyo kwamba biashara iko salama, aagize mzigo kama kawaida, kisha ashangae kwa nini bidhaa zinalala ghalani na hakuna aliyemfungia duka. Linalopaswa kutangulia ni hili: mteja wangu anapata wapi fedha yake, na yeye mwenyewe anaionaje kesho yake?

Mwaka 2020 uliwapa wachumi mizani ambayo hawaipati kila siku, yaani ugonjwa mmoja, wakati mmoja, nchi mbili jirani, moja imefunga na nyingine haikufunga. Huko Ulaya nchi hizo zilikuwa Denmark na Sweden. Denmark ilifunga shughuli nyingi katikati ya Machi. Sweden iliacha migahawa na maduka yaendelee. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen walichukua hesabu za wateja wa benki moja yenye matawi katika nchi zote mbili, wakaangalia matumizi yao ya siku hadi siku. Walichokikuta ni kwamba matumizi ya Wadenmark yalishuka kwa asilimia 29, na ya Waswidi kwa asilimia 25. Tofauti baina ya kufunga na kutofunga ilikuwa pointi nne tu. Sehemu iliyobaki ilikuwa uamuzi wa watu wenyewe waliokaa nyumbani na kuhesabu fedha zao.

Marekani nako, Austan Goolsbee na Chad Syverson wa Chuo Kikuu cha Chicago walifuatilia simu za mkononi za wateja waliokuwa wakiingia katika maduka na biashara zipatazo milioni 2.25. Idadi ya wateja ilishuka kwa pointi 60 za asilimia. Katika hizo 60, amri za serikali za majimbo zilieleza pointi 7 pekee. Watu walianza kuzikimbia biashara kabla ya amri, na waliyaepuka zaidi yale maduka makubwa yenye msongamano. (Bwana Goolsbee baadaye, Januari 2023, alikabidhiwa uongozi wa Benki Kuu ya Marekani tawi la Chicago, kwa hiyo huyu si mtu wa kubahatisha na tarakimu.)

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu nasi tulikuwa na mizani yetu, ingawa hatukuisoma vizuri. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020. Siku hiyo hiyo biashara katika Soko la Hisa la Nairobi ilibidi isimamishwe baada ya bei kuporomoka kupita kiwango kinachoruhusiwa. Tarehe 27 Machi ikaja kafyu ya usiku, na mapema Aprili jiji la Nairobi likazuiwa watu kuingia na kutoka, zuio lililodumu hadi Julai. Angalia tarehe hizo kwa makini. Wenye hisa walikimbia wiki mbili kabla ya kafyu. Hawakungoja polisi.

Upande wetu, Serikali ilifunga shule na vyuo na kuzuia mikusanyiko, lakini masoko, mabasi, makanisa na misikiti viliendelea. Takwimu za wagonjwa zikaacha kutolewa baada ya tarehe 29 Aprili. Vyuo vikuu vikafunguliwa Juni 1 na shule zote mwisho wa mwezi huo. Kwa hesabu rasmi, uchumi wa Kenya ulisinyaa kwa asilimia 0.3 mwaka ule, na wa Tanzania ukakua kwa asilimia 4.8 badala ya asilimia 7 ya mwaka uliotangulia.

Wapo wanaosoma tarakimu hizo harakaharaka na kuhitimisha kwamba kutofunga ndiko kulikookoa biashara. Kuna ukweli ndani yake, na hakuna haja ya kuuficha: mwenye baa ya Nairobi aliyefungiwa kuanzia Machi hadi mwishoni mwa Septemba hawezi kuambiwa kwamba amri haikumhusu. Kampuni ya East African Breweries, ambayo wengi wa wasomaji wetu wanaijua kwa hisa zake, ilipata faida pungufu kwa asilimia 39 katika mwaka wa hesabu ulioishia Juni 2020. Wauza mitumba wa Gikomba nao walizuiliwa mzigo mpya tangu Machi mpaka Agosti. Na Uganda, ambako shule hazikurejea zote mpaka Januari 10, 2022, mtu aliyekuwa na ghala la sare, madaftari na masanduku ya wanafunzi wa bweni alikaa na mzigo takriban miaka miwili. Zipo biashara ambazo amri ndiyo kila kitu kwake: baa, shule, mabasi ya mikoani. Anayefanya biashara hizo aendelee kuuliza "Watafunga?" kwa sauti kubwa.

Lakini wengi wetu hatufanyi biashara hizo. Tunauza mabati, simenti, khanga, simu, vipuri, unga, mafuta ya kula. Kwa hao, funzo la mwaka 2020 lilikuwa Arusha.

Hakuna aliyelifunga duka la vifaa vya ujenzi Arusha. Hakukuwa na kafyu. Lakini watalii walioingia nchini walipungua kutoka milioni 1.5 mwaka 2019 hadi 620,867 mwaka 2020, na wengi wa hao waliingia kabla ya Machi au mwishoni mwa mwaka. Mjerumani alipofungiwa kwao Munich, aliyekosa kazi alikuwa dereva wa gari la safari, mpagazi wa mlimani, mpishi wa kambi, mchonga vinyago na muuza mboga wa hoteli. Dereva huyo ndiye aliyekuwa anajenga chumba kimoja kila msimu. Ndiye aliyekuwa ananunua mifuko 20 ya simenti mwezi Agosti msimu ukichanganya. Amri iliyomfungia mwenye duka wa Arusha ilitolewa Ulaya, na wala haikumtaja. Zanzibar ndiko kipimo kinapoonekana wazi zaidi, maana uchumi wake, ambao ulikuwa ukikua kwa karibu asilimia 7, ulibaki na ukuaji wa asilimia 1.3.

Sasa safiri hadi Geita mwaka huo huo. Dhahabu, ambayo matajiri wa dunia huikimbilia wanapoogopa, ilipanda bei hadi ikavuka dola 2,000 kwa wakia Agosti 2020. Mauzo ya dhahabu yetu nje yalipanda kutoka dola bilioni 2.2 mwaka 2019 hadi kukaribia dola bilioni 3. Mchimbaji mdogo, ambaye tangu mwaka 2019 alikuwa na masoko ya madini ya kuuzia karibu na machimbo, alipata bei ambayo hajawahi kuiota. Yaani hofu ile ile iliyomnyang'anya mkate dereva wa Arusha ndiyo iliyomwongezea kitoweo mchimbaji wa Geita. Mfanyabiashara wa jumla wa Dar es Salaam aliyepunguza mzigo kwa wateja wake wote kwa kiwango kimoja, eti kwa sababu "kuna Corona", alikosea kote kuwili: Geita alipeleka kidogo na Arusha alipeleka kingi.

Hapa ndipo ninapopata shida na usemi unaopendwa na wachambuzi wengi, kwamba gonjwa "hushusha imani ya mlaji". Mlaji yupi? Wamarekani wana kipimo chao cha Chuo Kikuu cha Michigan kinachotolewa kila mwezi, na mwaka 2020 kilishuka kutoka 101 mwezi Februari hadi chini ya 72 mwezi Aprili. Ni kipimo chenye sifa. Lakini hata kwao, namba moja kwa nchi nzima ilificha jambo kubwa zaidi, ambalo timu ya Raj Chetty wa Harvard ililibaini kwa kupitia hesabu za kadi za benki. Waliopunguza matumizi zaidi walikuwa wenye kipato kikubwa. Hawakuwa wamepoteza kazi. Wengi wao waliendelea kulipwa mishahara yao yote wakiwa majumbani. Waliacha tu kwenda migahawani, saluni na hotelini. Waliopoteza kazi ni watu wa kipato cha chini waliokuwa wakiwahudumia katika mitaa hiyo ya kitajiri, na biashara ndogo zilizoumia zaidi ni zile zilizopanga katika mitaa yenye kodi kubwa.

Hili halihitaji kuvuka bahari ili lieleweke. Mwenye nyumba Masaki anapoamua mwezi huu hatakula nje, hatafanya sherehe ya kumuaga binti yake ukumbini, wala hatamwita mshonaji, yeye mwenyewe hajapungukiwa kitu. Akaunti yake inanona. Aliyepungukiwa ni mpambaji, mpishi, mpiga muziki, mshereheshaji na dereva wa bodaboda, ambao wote wanaishi Mbagala, Buza na Tandale, na wananunua kwa mwenye duka wa huko. Kwa hiyo mwenye duka wa Mbagala ambaye anadhani hofu ya watu wa Masaki haimhusu anajidanganya. Itamfikia baada ya wiki tatu au nne, akiba ndogo za wateja wake zikiisha, na atakapoiona itakuwa na sura ya daftari la madeni.

Daftari hilo, kwa maoni yangu, ni kipimo bora cha imani ya mlaji kuliko vingi vinavyotoka maofisini. Mteja mwenye mashaka na kesho yake hasemi. Anabadilisha namna ya kununua. Aliyekuwa akichukua dumu la lita tano la mafuta anaomba chupa ya lita moja, halafu anarudi kwenye mafuta ya kupima. Aliyenunua sukari kilo mbili anachukua robo. Sabuni ya mche inakatwa vipande. Mauzo ya siku, ukiyahesabu kwa idadi ya watu walioingia dukani, yanaweza hata kuongezeka, maana yule yule anakuja mara tatu badala ya moja. Mwenye duka asiye makini huona msongamano ule akafurahi. Mwenzake mwenye jicho huona kwamba fedha ya mzunguko imepungua, na kwamba kinachofaa kuagizwa sasa ni vifungashio vidogo.

Kosa hilo la kuchanganya msongamano na fedha liliwakuta hata wakubwa. Safaricom ya Kenya ilifuta ada ya kutuma fedha zisizozidi Sh. 1,000 za huko tangu katikati ya Machi 2020 hadi mwisho wa mwaka. Watu wakatuma kweli kweli, kwa sababu waliogopa kushika noti na kwa sababu ilikuwa bure. Mwaka wa hesabu ulipofungwa Machi 2021, mapato ya M-Pesa yalikuwa yamepungua kwa asilimia 2.1.

Aidha, kuna bidhaa ambazo hofu yenyewe huziuza. Limau, tangawizi na vitunguu saumu vilipanda bei katika masoko yetu kati ya Machi na Mei 2020, watu walipokuwa wakijifukiza nyungu. Mafundi cherehani waliacha magauni wakashona barakoa za kitenge. Ndoo zenye koki zikawa mbele ya kila mlango. Sukari nayo iliadimika Aprili na Mei, ingawa hapo hofu haikuwa peke yake: mzigo wa nje ulichelewa, na mwezi wa Ramadhani ulianza katika wiki ya mwisho ya Aprili. Biashara za namna hii zina utamu wake, lakini msimu wake hauzidi majuma machache. Aliyenunua barakoa au vitakasa mikono kwa bei ya kilele akitarajia kuuza kwa mwaka mzima alibaki navyo. Ushauri kwa mwenye mtaji mdogo ni kwamba ukiona bidhaa ya hofu imeanza kuuzwa na kila mmachinga barabarani, muda wa kununua umepita, kilichobaki ni kuuza.

Kuna jambo jingine ambalo wafanyabiashara hulitambua kwa uzoefu, ila mara chache hulifikisha kwenye hesabu. Si kila mauzo yaliyokosekana hurudi. Mtu aliyeahirisha kununua mabati atayanunua siku moja, kwa sababu nyumba bado haijaezekwa. Aliyeahirisha kununua simu au godoro, hivyo hivyo. Lakini mtu ambaye hakunyoa nywele kwa miezi miwili hatanyoa mara tatu siku atakapotulia. Chakula cha mchana ambacho hakikuliwa kwa mama ntilie mwezi Aprili hakiliwi mwezi Julai. Mauzo ya huduma huyeyuka, mauzo ya vitu vinavyodumu hulala. Anayeuza vitu vinavyodumu anahitaji uvumilivu na kodi ya pango aliyoiweka akiba. Anayeuza huduma anahitaji kupunguza gharama siku ile ile ya kwanza, kwa kuwa kile anachopoteza hakitarudi.

Na wakati imani inaporudi, inaweza kurudi na balaa lake. Serikali ya Marekani iliwapelekea raia wake hundi za dola 1,200 kuanzia Aprili 2020. Mwezi ule ule Wamarekani waliweka akiba zaidi ya asilimia 30 ya kipato chao, jambo ambalo halikuwahi kuonekana katika kumbukumbu zao za hesabu hizo. Hundi zililala benki. Zilipoamka, zikakimbilia viti, meza, baiskeli, luninga na mashine za mazoezi kutoka China, kwa sababu migahawa na safari bado zilikuwa na mashaka. Meli zikajaa, makontena yakakosekana. Nauli ya kontena la futi 40 katika njia kubwa za dunia, ambayo kabla ya gonjwa haikufika dola 2,000 kwa wastani, ilivuka dola 10,000 Septemba 2021. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyeagiza vyombo vya plastiki kutoka Guangzhou alilipa sehemu ya furaha ya Mmarekani. Wateja wake hawakuwa wamepokea hundi yoyote.

Sasa niseme juu ya dawa ambazo Serikali hutumia, maana wawekezaji wengi huzipa uzito kuliko zinavyostahili. Kenya ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia Aprili 1, 2020, ikawasamehe kodi ya mshahara wanaopata hadi Sh. 24,000 kwa mwezi, na Benki Kuu yake ikashusha riba yake kutoka asilimia 8.25 hadi 7 katika muda wa wiki tano au sita. Benki Kuu ya Tanzania nayo, mwezi Mei, ilishusha riba yake ya kukopesha mabenki kutoka asilimia 7 hadi 5, ikapunguza kiasi cha amana ambacho mabenki hulazimika kukiweka kwake, na ikapandisha kiwango cha fedha ambazo mtu anaweza kutuma kwa simu kwa siku kutoka Sh. milioni 3 hadi milioni 5. Zote hizo zilikuwa hatua njema. Hatua ya simu ilimsaidia mfanyabiashara moja kwa moja, kwani mzigo ulilipiwa bila mtu kupanda basi. Na msamaha wa kodi ya mshahara uliweka shilingi halisi mkononi mwa mtu.

Lakini punguzo la pointi mbili za VAT halimfanyi mtu mwenye wasiwasi wa kupunguzwa kazini aende kununua friji. Riba nafuu vilevile: mtu hakopi kwa sababu mkopo umeshuka bei, anakopa kwa sababu anaona ataweza kuulipa. Kwa hiyo mwekezaji anaposikia riba imeshushwa wakati wa gonjwa, asikimbilie kununua hisa za makampuni yanayouza kwa mkopo.

Tuje kwenye hisa zenyewe. Mwaka 2020 uliyatenganisha mabenki ya Nairobi na ya Dar es Salaam kwa namna ambayo mwenye hisa mdogo angeweza kuiona mapema kama angeuliza swali la mapato ya mteja. Kenya, sehemu kubwa ya wakopaji iliomba nafuu, na mpaka mwisho wa mwaka mikopo iliyopangwa upya ilizidi nusu ya mikopo yote ya mabenki. KCB ilipata faida ya Sh. bilioni 19.6 za Kenya kutoka bilioni 25.2. Equity, ambayo bodi yake ilikwisha kupendekeza gawio la Sh. 2.50 kwa hisa kwa mwaka 2019, ilibadili uamuzi Mei 2020 na kulifuta. Mstaafu aliyekuwa amekwisha kulipangia matumizi gawio hilo alikumbuka siku hiyo kwamba lililopendekezwa bado halijalipwa.

Hapa kwetu, NMB ilipata faida ya Sh. bilioni 206 kutoka bilioni 142, na CRDB Sh. bilioni 165 kutoka bilioni 120. Wenye hisa wa NMB walipata gawio la Sh. 137 kwa hisa, ambapo mwaka uliotangulia lilikuwa Sh. 96. Sababu hazikuwa moja. Mabenki yetu yalikuwa yametoka kusafisha mikopo mibovu ya miaka ya nyuma, hivyo yaliingia kwenye gonjwa yakiwa mepesi. Wateja wake wengi walikuwa watumishi wanaolipwa na Serikali, ambao mishahara yao haikukatika. Lakini aliyeuza hisa hizo Aprili 2020 kwa kusoma vichwa vya habari vya London na Nairobi alizitupa kwa bei ya hofu ya watu wengine.

Sitaki nieleweke kwamba ukimya wa takwimu ndio uliotuletea faida hizo, kwa maana nimesikia hoja hiyo ikitolewa kwa sauti ya kujisifu. Mlaji asiyepewa namba hutafuta namba zake mwenyewe, kwa kuhesabu misiba. Mapema mwaka 2021, misiba ilipozidi kusikika mitaani, watu walianza tena kukwepa mikusanyiko na barakoa zikarudi kabla ya tangazo lolote la kuwataka wafanye hivyo. Imani ya mlaji ni kitu cha kujengwa kwa habari za kweli. Habari zikikosekana, haimaanishi kwamba mlaji haogopi. Inamaanisha tu kwamba mwenye duka hataonywa mapema.

Kwa mwekezaji mdogo kuna tahadhari moja zaidi, nayo ni mlango wa kutokea. Hisa za Kenya Airways, ambazo baadhi ya Watanzania walizinunua kupitia soko letu, zilisimamishwa kuuzwa Nairobi Julai 2020 wakati mipango ya kuitaifisha kampuni hiyo ilipokuwa ikijadiliwa. Ziliruhusiwa tena Januari 2025. Kampuni ilikuwa na hasara tangu zamani, na gonjwa lilikuja kumalizia: mwaka 2020 peke yake ilipoteza Sh. bilioni 36.2 za Kenya. Fedha ya ada ya mtoto haikai katika hisa za kampuni ambayo mteja wake akiogopa kwa mwezi mmoja inashindwa kulipa mishahara.

Biharamulo inatupa mfano wa karibu wa kujipima. Marburg ilipotangazwa huko Januari 20, 2025, wagonjwa waliohesabiwa hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha Machi 13 walikuwa 10, na wote walifariki. Masoko hayakufungwa nchi nzima, wala barabara. Mwenye kupeleka mzigo wilayani humo angeuliza "Watafunga?" angejibiwa hapana, akapakia. Lakini wateja wa Biharamulo hawafanani. Mkulima wa mahindi na maharage alikuwa na chakula chake ghalani na wasiwasi wake ulikuwa wa afya zaidi kuliko wa fedha. Mwenye mgahawa na nyumba ya wageni pale njia panda ya Nyakanazi anategemea madereva wa malori yaendayo Rwanda na Burundi, na dereva huhitaji kusikia neno Marburg mara moja tu ili aamue kulala mji wa mbele. Ukitaka kujua upakie soda kreti ngapi kwenda Nyakanazi, usipige simu wilayani. Wapigie madereva, uwaulize jana walilala wapi.